Siku ya Tatu Apewe Nini? Jembe na Ustawi wa Mgeni katika Mpaka wa Bwera

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kila anayesoma Kiswahili amewahi kuandika maana ya methali hii katika mtihani, na maana inayopewa alama ni moja: mgeni asiwe mzigo kwa mwenyeji wake. Katika insha hii ninauliza swali ambalo mtihani hauulizi. Jembe hilo linatolewa kwa faida ya nani? Ni la kumpunguzia mwenyeji gharama, au ni la kumstawisha mgeni?

Ninadai kwamba jembe ni la mgeni kwanza. Mtu aliyehamia nchi isiyo yake hastawi kwa sababu tu amekula na amelala mahali salama, ingawa bila chakula na usalama hakuna cha kuzungumzia. Anastawi pale anapoweza kuwapa wengine kitu chake, na kitu hicho kikapokelewa. Nitajadili dai hili kwa kutazama Wakongo wanaohamia Bwera na mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda. Ndiko ninakotoka, na ndiko swali hili linakojibiwa kila siku kwa vitendo, vizuri au vibaya, hata kama hakuna anayeliita swali la falsafa.

Wageni ni akina nani?

Mpakani kuna mto Lhubiriha. Upande huu ni Mpondwe na Bwera. Upande wa pili ni Kasindi, katika mkoa wa Kivu Kaskazini. Waingereza na Wabelgiji waliuchora mpaka huo mwanzoni mwa karne ya 20, wakawakata watu wa lugha moja, ambao wakaitwa Wakonzo huku na Wanande kule. Hadi leo watu huvuka kwenda sokoni, kuoa na kuzika. Kwa hiyo si kila anayevuka ni mkimbizi, na aliye mkimbizi mara nyingi ana shangazi au mjomba upande huu.

Tangu mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, wanaovuka kwa kukimbia wameongezeka. Mbele yao kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujiandikisha na kupelekwa katika makazi ya wakimbizi, kama vile Rwamwanja wilayani Kamwenge, yaliyofunguliwa tena mwaka 2012, au Kyaka II wilayani Kyegegwa. Huko mtu hupata kitambulisho, kipande cha ardhi, na mgao wa chakula au pesa. Ya pili ni kubaki Bwera, au kupanda gari hadi mjini Kasese, kukaa kwa ndugu au kupanga chumba, na kujitafutia riziki bila mgao wowote: kushona, kuuza mawese na vitenge, kubeba mizigo, kulima kwa kibarua.

Anayepima ustawi kwa kilo za unga atasema kwamba anayechagua njia ya pili hajui hesabu. Kwa kweli hata hesabu hiyo imebadilika, kwani mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa uhaba wa fedha, lilianza kugawa misaada nchini Uganda kwa makundi kulingana na uhitaji, na wengi wakapunguziwa au wakaondolewa. Lakini wapo waliochagua njia ya pili hata mgao ulipokuwa kamili. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwa maneno machache: huku tunasikilizana. Kusikilizana si chakula wala si paa. Ni nini basi, hata mtu akubali kulipia kwa njaa?

Maana mbili za jembe

Mwalimu Nyerere aliitumia methali yetu katika makala yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa. Alitaka kuonyesha kwamba katika jamii za zamani za Kiafrika kila mtu alifanya kazi, na hapakuwa na nafasi ya mnyonyaji anayeishi kwa jasho la wengine. Kwa maana hiyo jembe ni wajibu. Sipingi maana hiyo, ila ninaona kwamba ni nusu ya methali, iliyotazamwa kutoka kwenye kiti cha mwenyeji.

Tuitazame sasa kutoka kwenye kiti cha mgeni. Mgeni wa siku mbili hukalishwa mahali pazuri, hupewa paja la kuku, wala haruhusiwi kuinua sufuria. Ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo ikiendelea mwezi mzima hugeuka kuwa kifungo. Mgeni hawezi kusema mboga haina chumvi. Hawezi kumkemea mtoto wa mwenyeji hata akimwona anacheza na moto. Hawezi kuchagua saa ya kulala. Hana kauli, kwa sababu hana mkono wake katika kile kilichopikwa. Siku anapopewa jembe anaanza kupata kauli hiyo. Mahindi atakayoyapalilia ni mahindi ambayo anaweza kuyasemea.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alisema kwamba mtu anayefika katika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Alitofautisha haki hiyo na ile ya kukaribishwa nyumbani kama mgeni wa muda mrefu, ambayo kwa maoni yake huhitaji mapatano ya pekee. Hoja ya Kant ni nzuri, ila inatufikisha mlangoni tu. Inahusu siku ya kwanza. Wahenga wetu walikwenda mbele yake, wakauliza habari ya siku ya tatu, yaani siku ambayo hatari imepita, chakula kimeliwa, na mtu bado yupo. Hapo ndipo swali la ustawi linapoanza.

Mchango uliotaka kurudishwa

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia Bwera. Mama mmoja fundi cherehani, aliyetoka upande wa Butembo na watoto watatu, alikuwa amepanga chumba mtaani kwetu kwa miezi michache. Jirani akafiwa. Kama ilivyo desturi, daftari la rambirambi likapitishwa, na kila nyumba ikaandikwa jina pamoja na kiasi ilichotoa. Mama yule akatoa shilingi 2,000. Kijana aliyeshika daftari akamrudishia kwa nia njema kabisa: “Mama, weka hizi ununulie watoto chakula. Hali yako tunaijua.” Mama hakunyoosha mkono kuzipokea. Alisema kwa Kiswahili cha kwao, “Andika jina yangu sawa ya bengine.” Mzee mmoja akamwamuru kijana aandike, na jina likaandikwa.

Kwa hesabu ya tumbo kijana alikuwa na haki. Shilingi 2,000 zilikuwa na kazi zaidi katika sufuria ya mama yule kuliko katika msiba wa jirani. Kama ustawi ni jumla ya vitu alivyo navyo mtu, basi kumrudishia kulimwongezea ustawi. Lakini sote tuliokuwa pale tuliona kwamba alikuwa anaumizwa. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba daftari la rambirambi si orodha ya fedha. Ni orodha ya watu ambao nao wakifiwa watazikiwa. Asiyeandikwa humo hadaiwi na mtaa wala mtaa haudaiwi naye. Anachoweza kutegemea ni huruma tu. Huruma haina daftari. Inaweza kuwa nyingi leo na kuisha kesho, na hakuna pa kwenda kuidai. Mama yule hakuwa ananunua sifa. Alikuwa anaingia katika mzunguko wa kupeana na kudaiana ambao kwa watu wa mtaa ndio maana ya kuwa mwenyeji. Kijana alimtazama akaona shida zake. Mama alitaka atazamwe aonekane yeye.

Wapo watakaouliza: je, asiye na uwezo wa kutoa? Mzee asiyeona, mgonjwa, mtoto aliyevuka peke yake? Je, dai langu haliwahukumu kwamba hawawezi kustawi, au vibaya zaidi, kwamba hawastahili kusaidiwa?

Hapa inafaa kutenganisha haki na ustawi. Haki ya kula na kulindwa haingoji mchango. Asiyeweza kushika jembe anabaki na haki za siku ya kwanza na ya pili kwa muda wote atakaouhitaji. Methali haisemi kwamba siku ya tatu asiyelima afukuzwe, inasema apewe. Isitoshe, jembe ni mfano. Bibi anayeshika mtoto mama yake anapokwenda sokoni, mzee anayeombwa shauri katika ugomvi wa ndoa, mgonjwa anayejua hadithi za kwao na kuwasimulia watoto wa mtaa, wote wana jembe. Ni watu wachache sana ambao kweli hawana cha kutoa. Waliozoeleka zaidi ni wale ambao hatujawauliza.

Jembe peke yake halitoshi

Kuna pingamizi lingine lenye nguvu zaidi. Kazi wageni wanazipata, na mara nyingi ndizo zinazowadhalilisha. Mkongo anayelima kibarua katika shamba la kahawa anaweza kulipwa chini ya mwenyeji kwa mistari ileile, kwa kuwa mwenye shamba anajua hana pa kulalamika. Huyo amepewa jembe. Je, amestawi?

Hajastawi, na ndiyo maana dai langu lina sehemu mbili: kutoa, na kile kinachotolewa kupokewa kama mchango wa mtu. Nguvu inayonunuliwa kwa bei ya kutupa haijapokewa; imechukuliwa. Lakini hata mgeni anayepata faida nzuri anaweza kuikosa sehemu ya pili. Mfano wa mbali utusaidie.

Baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, Wakorea wengi walihamia Marekani. Katika mji wa Los Angeles wengi wao walifungua maduka madogo, baadhi kwa mtaji uliotokana na kye, utaratibu wa kuchangishana fedha kwa zamu ambao Mtanzania angeuita upatu na Mkongo angeuita likelemba. Walifanya kazi saa nyingi, watoto wao wakasoma. Kwa kipimo cha jembe walikuwa wamefaulu. Lakini wengi walifanya biashara katika mitaa ambayo hawakuishi, na kati yao na wakazi wa mitaa hiyo kulikuwa na meza ya duka na mambo mengine machache. Mwaka 1991 mwenye duka Mkorea alimuua kwa risasi msichana Mweusi, Latasha Harlins, na hakufungwa gerezani. Tarehe 29 Aprili 1992, mahakama ilipowaachia polisi walioshtakiwa kwa kumpiga Rodney King, ghasia zililipuka, na katika siku chache maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa au kuchomwa. Wakorea wa huko huita tukio hilo Sa-i-gu, yaani nne-mbili-tisa, kwa kufuata tarehe yake.

Simlaumu aliyechomewa duka. Ninachosema ni kwamba mali waliyokuwa nayo haikuwa imewafanya majirani. Baada ya hapo wengi wao waliona kwamba akaunti ya benki si kinga, wakaanza kuingia katika siasa za mji na kuunda vyama pamoja na jamii nyingine. Likelemba ya Wakongo peke yao mjini Kasese ni jambo jema, kama kye ilivyokuwa jambo jema. Lakini siku mwanachama Mkonzo anapoingia katika likelemba hiyo, au Mkongo anapoandikwa katika kikundi cha akiba cha mtaa, ndipo jembe linapokuwa na shamba la kulimwa pamoja.

Hofu ya mwenyeji

Ingekuwa udanganyifu kuzungumzia mgeni bila kumsikiliza mwenyeji. Kasese ina hofu zake, na hazikutoka hewani.

Hofu ya kwanza ni ardhi. Sehemu kubwa ya wilaya ni hifadhi, ile ya Malkia Elizabeth na ile ya Milima ya Rwenzori, na watu wamebanwa katika sehemu iliyobaki. Wafugaji Wabasongora walipofukuzwa kutoka Hifadhi ya Virunga nchini Kongo mwaka 2006 na kurudi Kasese, suala la malisho na mashamba lilizua uhasama kati yao na wakulima. Hofu ya pili ni maradhi. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka pamoja na familia iliyotoka kwenye msiba Kongo, na mtoto wa miaka mitano akafa katika kituo cha matibabu cha Bwera. Ya tatu ni damu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari Mpondwe wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya usiku ule, ni nani angemlaumu mzazi kwa kumtazama mara mbili kila anayetoka ng'ambo?

Ninazikubali hofu hizi, ila ninakataa hitimisho linalotolewa kutokana nazo. ADF ni kundi lililoasisiwa na Waganda, na Mpondwe ilishambuliwa nalo tangu Novemba 1996. Watu wa Beni wanaikimbia silaha ileile iliyotuua sisi. Kumtilia shaka mkimbizi kwa sababu ya ADF ni kumwadhibu aliyeumwa na nyoka kwa kosa la nyoka. Kuhusu Ebola, Uganda haikufunga mpaka. Ilipima watu, ikafuatilia waliokutana na wagonjwa, na ugonjwa haukuenea. Ukifunga mlango wa mbele, watu hupita njia za panya, ambako hakuna anayewapima. Mtu anayejulikana jina na chumba anachokaa ni salama zaidi kwa mwenyeji kuliko mtu anayejificha.

Hofu ya ardhi ndiyo ngumu, na sitaifanya ionekane rahisi. Hapa jembe la methali haliwezi kuwa jembe la chuma kwa kila mtu, kwa kuwa shamba halipo. Lakini Kasese yenyewe ni shahidi kwamba kuna majembe mengine. Reli ilipofika mwaka 1956 na shaba ya Kilembe ikaanza kuchimbwa, walikuja watu wa makabila mengi kutoka mbali. Mgodi ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini wajukuu wa waliobaki leo hawaitwi wageni. Ni mafundi, wauza duka na walimu wa mji. Walikuja na sururu, na mji ukakua juu ya migongo yao.

Siku ya tatu kisheria

Uganda imesifiwa duniani, na inastahili sifa. Inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa lugha ya methali, serikali imetoa jembe ambalo nchi nyingi tajiri zimelinyima.

Lakini kuna jambo ambalo sifa hizo hulipita kimya. Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1995, inapoeleza nani ana haki ya kuandikishwa uraia kwa kuwa amezaliwa Uganda, inamtoa yule ambaye mzazi wake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi nchini. Fikiria maana yake. Mtu anaweza kuzaliwa Bwera, kusoma Bwera, kuzika wazazi wake Bwera, na bado ukimbizi wa bibi yake ukamfuata kama jina la ukoo. Jembe amepewa, siku ya tatu haijafika. Wakati huohuo, ndugu yake wa ukoo, ambaye babu zake walijikuta upande huu mpaka ulipochorwa, ni raia bila kuulizwa.

Sisemi kwamba kila anayevuka apewe uraia kesho yake. Ninasema kwamba ugeni usio na mwisho unapingana na busara yetu wenyewe. Methali ilihesabu siku. Haikusema mgeni ni mgeni mpaka kizazi cha tatu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ustawi wa aliyehamia una ngazi. Chini kabisa kuna usalama na chakula, ambavyo ni haki yake bila masharti. Juu yake kuna kazi, na juu ya kazi kuna kupokewa: mchango wake kuandikwa, neno lake kusikilizwa, msiba wake kuhudhuriwa. Misaada inaweza kuijenga ngazi ya kwanza, na sheria nzuri inaweza kuijenga ya pili na kuacha kuizuia ya tatu. Lakini ya tatu hujengwa na majirani.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, ngazi hiyo iko karibu kuliko tunavyodhani. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na tangu hapo kilio ni kwamba walimu hawatoshi. Bwera na Kasese kuna watu waliokulia ndani ya Kiswahili, walioomba, kugombana na kubembeleza watoto kwa lugha hii, na miongoni mwao wapo waliofundisha shule kabla ya kukimbia. Wenzetu wengine husikia “batu” badala ya “watu” wakacheka, kisha wanarudi kwenye vitabu kutafuta maneno ambayo jirani wao anayatumia kila asubuhi. Kiswahili chao si sanifu, na sanifu hufundishika kwa yeyote. Ufasaha wa kuishi ndani ya lugha ndio mgumu kuupata, nao wameubeba mpaka mlangoni petu.

Mwalimu aliyevuka mto Lhubiriha hahitaji tumwonee huruma kwa kuwa anauza maandazi. Apimwe, afunzwe kinachopungua, apewe chaki. Siku watoto wa Bwera watakapomwita mwalimu, hatakuwa tena na sababu ya kuhesabu siku zake za ugeni, na wala sisi hatutakuwa nayo.